Samadi ya Sultani

Hapo zamani, katika mji uliosimama juu ya mchanga mtupu, alikuwako fukara mmoja jina lake Kopwe, mlimaji wa matikiti. Matikiti yake yalikuwa madogo kama malimau, na ladha yake kama maji ya kunawia. Watu walipomcheka, yeye aliwatangulia kucheka, akasema, "Mniwie radhi, jamaa zangu. Yamemfuata baba yao: nje kichwa, ndani maji."

Mkewe Mwanasha alikuwa akinyonyesha, na mara nyingi alilala kwa uji mwepesi. Basi siku moja Mzee Feruzi, mtunza farasi wa Sultani, alimkuta akipalilia juani, mtoto mgongoni. Akavua kofia yake ya ukindu akamfunika mtoto kichwa. Kisha akamwambia Kopwe, "Mwanangu, nyuma ya zizi samadi imejaa, nayo hutupwa. Njoo uchukue."

Kopwe akaichukua, akaimwaga mbichi mashinani, na miche yote ikaungua.

"Mzee wangu," akasema, "nimeyapika matikiti kabla hayajazaliwa."

Feruzi akacheka hata akakaa chini. Akamfundisha kuirundika pamoja na majani makavu, kuinyunyizia maji, kuifunika na kuigeuza, hata ipoe na kunukia kama ardhi iliyonyeshewa mvua.

Ikawa msimu uliofuata mitikiti ikatambaa hata njiani, na matunda yakawa makubwa, mekundu ndani, matamu hata nyuki wakawafuata walaji. Mwanasha akapata maziwa tele, na mtoto akaota mashavu.

Habari zikamfikia Sultani, ambaye bustani yake ilinyweshwa asubuhi na jioni na bado matikiti yake hayakuwa na utamu. Akauliza siri, akaambiwa, "Maulana, ni samadi ya farasi wako." Badala ya kufurahi, akaona ameibiwa. Akaagiza Kopwe aletwe barazani.

"Ni nani aliyekupa mali yangu?"

Kopwe akainamisha kichwa, asimtaje mtu. Lakini Mzee Feruzi akajitokeza, akapiga magoti. "Ni mimi, Maulana. Nilidhani ni taka."

"Cha zizini kwangu ni changu, hata kikiwa taka," akasema Sultani. "Wewe Kopwe, Ijumaa unirudishie samadi yangu, isipungue. Ukishindwa, mzee huyu atatoka zizini mwangu na fimbo yake, asirudi tena."

Feruzi hakuwa na mke wala mwana. Farasi wale ndio waliokuwa jamaa zake. Basi Kopwe akarudi mbio, akachimba kila palipokuwa wazi baina ya mashina, asione ila udongo mweusi. Akaketi shimoni.

"Umepata?" Mwanasha akamwuliza.

"Nimepata kaburi langu, mke wangu, nalo halijafika kina."

Mwanasha akaketi ukingoni, akamnyonyesha mtoto. Mtoto akashiba, akatulia kidogo, kisha akamchafua mamaye mapajani. Mwanasha akatabasamu huku akimpangusa. "Huyu hali cha mtu bure. Akipewa, hurudisha."

Kopwe akamkazia macho mwanawe, hata akaanza kucheka peke yake. "Kumbe katika nyumba hii mwenye akili ni huyu," akasema.

Ijumaa ikafika, naye akaingia barazani na punda wa kuazima, waliosheheni matikiti. Akaomba Sultani na wakubwa wake waonje kwanza. Wakala hata maji ya matikiti yakawachuruzika ndevuni.

"Ni matamu," akasema Sultani. "Sasa samadi yangu iko wapi?"

"Nimekwisha kuikabidhi, Maulana. Niliutia udongo, udongo ukaipa mitikiti, mitikiti ikayapa matunda, na matunda mmeyala. Sasa imo ndani yako na ndani ya waheshimiwa hawa. Kesho asubuhi kila mmoja ataiona mwenyewe."

Kadhi akaweka ganda chini polepole. "Lakini hiyo haitakuwa ya farasi."

"Bwana Kadhi, mimi ni mjinga, sina elimu ya kuzipambanua. Kazi hiyo nakuachia wewe."

Kopwe akamtazama Mzee Feruzi aliyesimama mlangoni, fimbo mkononi, tayari kwa safari. Sultani akalitazama ganda lililokuwa mkononi mwake. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea.

"Feruzi, weka fimbo yako. Farasi wanakungoja," akasema alipopata pumzi. "Na tangu leo, anayetaka samadi apewe. Haya, Kopwe, omba zawadi yako."

"Maulana, naomba kofia ya ukindu. Mzee huyu alimfunika mwanangu kwa ya kwake, naye tangu siku ile anatembea kichwa wazi."

Sultani akaacha kucheka. Akaamuru iletwe kofia nzuri kuliko zote, akamvika Feruzi kwa mkono wake mwenyewe. Kopwe naye akapewa punda mmoja na ruhusa ya kuzoa samadi ya Sultani kabla ya wengine, maisha yake yote.

Alipofika nyumbani akamwambia mkewe, "Wengine Sultani huwapa dhahabu. Mimi amenitazama vizuri, akanipa samadi."

Na hekaya yangu imefika shinani. Aliyekula tikiti ateme mbegu, na mwenye mchanga apande.