Kuku wa Nyuma ya Ua

Paukwa!

Pakawa!

Kisima!

Cha chumvi!

Na kiu je?

Ya mwenye kisima!

Haya, mmeitika vizuri. Sasa kaeni. Wewe unayemfinya mwenzio, njoo huku mbele nikuone.

Palikuwa na nchi ikiitwa Munyuni. Ukichimba popote unakuta chumvi, nyeupe, safi, ya kulamba na vidole. Wageni walitoka mbali na punda wao kuifuata. Wakaacha nguo, wakaacha shaba, wakaacha asali. Kila aliyerudi kwao alisema, "Munyuni ni nchi tajiri."

Watu wa Munyuni wakalisikia neno hilo, likawapendeza, wakaanza kulisema wenyewe. "Sisi ni nchi tajiri. Sisi ni nchi tajiri. Sisi ni nchi tajiri." Hata mwenye njaa alilisema, tena yeye kwa sauti zaidi.

Lakini chumvi haitoki shimoni yenyewe. Inatolewa na miguu. Mtu anaingia kwenye maji ya chumvi asubuhi, anatoka jioni, na chumvi kazi yake ni kula. Inakula ngozi, inakula kucha, inakula nyama. Maji ya kunywa yalikuwa mbali, na njia ya kisimani imeota miiba, maana njia iliyofagiwa ilikuwa moja tu, ya kuingilia wageni. Watoto walikuwa na matumbo makubwa na shingo nyembamba. Nguo na shaba ziliishia kwa Jumbe. Asali sijui iliishia wapi, lakini meno ya Jumbe yalikuwa yameoza yote.

Basi Jumbe huyo, aliyeitwa Kirobo, akaona kuna tatizo. Njaa hakuiona. Miguu hakuiona. Aliona kwamba wageni wana macho.

"Mgeni akiona donda hanunui chumvi," akasema. "Jengeni ua."

Watu wakakata makuti, wakajenga ua mrefu. Wageni wakija, wagonjwa na wenye miguu mibovu na watoto wenye njaa wanasukumwa nyuma ya ua. Wageni wakiondoka, wanatolewa. Mwaka hadi mwaka wa nyuma ya ua wakazidi, na ua ukarefushwa. Makuti ya kuezekea nyumba yakaishia huko. Mvua ikinyesha, watu wa Munyuni wanalala wamesimama. Lakini ua wao, mashallah, ulikuwa mpya daima.

Jumbe akamchagua msichana wa kupokea wageni. Jina lake Siwema. Alikuwa na sauti nzuri na miguu laini. Miguu ilikuwa laini kwa sababu hajawahi kuingia shimoni, na hajawahi kuingia kwa sababu mama yake, Bi Tatu, aliingia kwa ajili ya wote wawili. Bi Tatu hakuwa na nyayo tena. Alitambaa kwa magoti, mikononi kashika vibao viwili vya kujivutia: kwaru, kwaru, kwaru.

Jumbe akamwambia Siwema, "Imba vizuri, binti. Msimu ukiisha nitakupa makuti umwezekee mama yako."

"Kweli, Jumbe?"

"Mimi nimewahi kusema uongo?"

Siwema akanyamaza. Alikuwa na adabu.

Siku moja akaja mgeni peke yake. Hana punda, hana mzigo. Kavaa kanzu, kajipaka mafuta yanayonukia, anacheka taratibu. Kumbe ni zimwi. Msiniulize watu walikosaje kulijua. Mtu anapokusifu, huangalii meno yake.

Zimwi likasifu chakula, likasifu chumvi, likasifu kilemba cha Jumbe. Siwema akaimba. Shomari, mpiga ngoma, akapiga ngoma. Mara nyuma ya ua ikasikika: koho, koho, koho! Alikuwa mzee mmoja mchimba chumvi. Alikuja Munyuni kijana kutoka nchi nyingine, akazeekea shimoni, kifua kikaharibika.

"Nasikia koho koho," likasema zimwi. "Ni nini hiyo?"

"Ni mbuzi," akasema Jumbe.

"Ana mwenyewe?"

"Hana."

"Basi nichukue?"

Jumbe akaona mgeni hanyimwi mbuzi. "Chukua."

Zimwi likanyoosha mkono. Mkono ukarefuka, ukarefuka, ukarefuka, ukapita juu ya ua, ukarudi. Likajifuta mdomo. Kikohozi kikakoma.

Maana zimwi, wajukuu zangu, lina sheria yake. Mtu mwenye watu wake halimwezi. Linamweza yule aliyekanwa mara tatu: kwamba si mtu, kwamba hana mwenyewe, kwamba achukuliwe.

Watu waliuona ule mkono? Waliuona. Kila mmoja akajiambia ni kivuli. Kesho yake Jumbe akasema, "Yule mzee kapata safari." Na wao wakasema, "Kapata safari."

Siku moja mgeni akarudi. Safari hii kanzu inambana tumbo. Siwema akaimba, Shomari akapiga ngoma, na nyuma ya ua mtoto akalia kwa njaa.

"Nasikia kilio," likasema zimwi. "Ni nini hiyo?"

Shomari alikijua kilio kile. Kilikuwa cha binti yake, Kibibi. Jumbe akamtazama. Shomari akainama juu ya ngoma yake, akaizidisha, kana kwamba ngoma inaweza kufunika mtoto.

"Ni paka," akasema Jumbe.

"Ana mwenyewe?"

"Hana."

"Basi nichukue?"

"Chukua."

Mkono ukaenda, mkono ukarudi. Ngoma ikaendelea kulia mpaka mgeni alipoaga.

Jioni mke wa Shomari akamwuliza, "Baba Kibibi, mtoto yuko wapi?" Angesema nini? Ili alalamike, ilibidi kwanza akiri kwamba ana mtoto mwenye njaa, katika nchi tajiri. Akaanza kukaza ngozi ya ngoma yake. Mke akamtazama mikono, akaelewa, akaenda kulia shambani ambako hakuna mgeni.

Basi nyumbani kwa Siwema, Bi Tatu akasema, "Mwanangu, kile kikohozi hakijarudi. Na mtoto wa Shomari hajarudi. Huyo mgeni wenu anakula nini?"

"Anakula wanachokula wageni, mama."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mama, tafadhali! Zimebaki siku chache msimu uishe. Nitapewa makuti. Unataka kunyeshewa mwaka mwingine?"

"Nimenyeshewa sana, mwanangu. Sijayeyuka."

"Basi akija, ukae kimya tu. Usitambae. Unanisikia?"

Bi Tatu akamtazama bintiye, akamtazama miguu ile laini. "Nitakaa kimya," akasema. "Nisikutie aibu."

Siku moja mgeni akaja kwa mara ya tatu. Safari hii mkanda wa kanzu umekatika. Jua lilikuwa kali. Nyuma ya ua watu walikuwa wamekaa tangu asubuhi bila kuthubutu kusogea wala kunywa maji, na mtungi ulikuwa mwisho kabisa wa ua. Bi Tatu alivumilia. Alivumilia tena. Lakini kiu haina adabu. Akashika vibao vyake, akaanza kuuendea mtungi polepole: kwaru, kwaru, kwaru.

Zimwi likainua kichwa. "Nasikia kwaru kwaru. Ni nini hiyo?"

Jumbe akageuka. "Siwema, mwambie mgeni."

Watu wote wakamtazama Siwema. Kinywa chake kikakauka kama kilichojazwa chumvi. Akayawaza makuti.

"Ni kuku," akasema. "Anachakura."

"Ana mwenyewe?"

"Hana."

Na nyuma ya ua, Bi Tatu akasikia. Alisikia neno kwa neno. Akaweka vibao chini. Hakulia. Hakuita. Alifikiri, mwanangu kasema kuku, na mgeni akisikia kimya atajua kasema uongo. Basi mwanamke yule mzima, mama wa mtu, akakaza koo lake lililokauka, akalia kama kuku.

"Kwe, kwe, kwe, kweee."

Jumbe akacheka. "Umemsikia, bwana mgeni? Kuku wetu huyo!"

"Nimemsikia," likasema zimwi, na mkono umeshaanza kurefuka. "Binti, nichukue?"

Siwema alikuwa amesimama na kanga mpya aliyopewa na Jumbe. Aibu ikampanda kutoka kwenye nyayo, zile nyayo laini, ikapita magotini, ikapita kifuani, ikafika usoni. Kama ingekuwa moto, ungeziona nywele zake zikiwaka.

"Usichukue!" akapiga ukelele. "Si kuku! Ni mama yangu!"

Akaurukia ua kwa mikono yote miwili, akayang'oa makuti. Kila mtu akaona. Bi Tatu alikuwa kapiga magoti mchangani, midomo imepasuka, kinywa bado kiko wazi kama cha kuku. Alipoona anatazamwa, akajifunika uso kwa kanga yake. Kanga yenyewe ilikuwa na matundu, haikufunika kitu.

"Mama, nisamehe," akasema Siwema.

"Nilijitahidi, mwanangu," akasema Bi Tatu. "Sikulia vizuri?"

Ule mkono wa zimwi ukajikunja kama jani lililotupwa motoni.

"Siwema!" Jumbe akafoka. "Unatuaibisha mbele ya mgeni!"

"Aibu ilikuwepo, Jumbe. Mimi nimeondoa makuti tu."

Hapo Shomari akaitupa ngoma yake, ikabiringika mpaka miguuni kwa Jumbe. "Kibibi!" akaita. "Kibibi binti Shomari! Ni wangu! Nilimsikia na nikapiga ngoma!" Akaita tena. Akaita mara ya tatu, sauti ikakatika.

Tumbo la zimwi likanguruma. Likajishika, likainama, likatapika. Kibibi akaanguka mchangani, kalowa, hai, analia kwa njaa ile ile. Mama yake akamwokota. Hakumtazama Shomari, na siku nyingi hakumtazama.

Zimwi likapangusa mdomo, likasema, "Kuna mwingine humu. Anakohoa mchana na usiku, sipati usingizi. Mwiteni mnitolee."

Watu wakaruka kwa furaha. "Mzee! Mzee!"

"Wazee ni wengi," likasema zimwi.

"Mzee wa shimoni!"

"Hiyo ni kazi yake."

"Wewe unayekohoa!"

"Huo ni ugonjwa wake. Mwiteni kwa jina alilopewa na mama yake."

Jumbe akamtazama mshauri wake, mshauri akatazama mbali. Waliokula chumvi yake maisha yao yote wakatazamana. Waliouza chumvi yake wakatazama chini. Halafu wote wakamgeukia Bi Tatu. Yeye alifanya kazi naye shimo moja. Yeye hakosi kujua.

Bi Tatu akafungua mdomo.

"Tulichimba pamoja tangu Siwema yuko mgongoni," akasema. "Siku moja nilizirai kwa kiu, akanipa maji yake yote. Nikamwambia, asante ndugu. Kila siku nilimwita ndugu." Akainamisha kichwa. "Sikumuuliza jina."

Zimwi likangoja. Jua likaanza kushuka, watu wakajaribu kila jina wanalolijua, la babu zao, la wajomba zao, mpaka majina yakaisha. Ndani ya tumbo kikohozi kinaitika kila wanapokosea: koho, koho, koho. Mwishowe zimwi likanyanyuka.

"Huyu mlinipa kweli," likasema, likaenda zake porini.

Basi ua ukabomolewa. Siwema ndiye aliyegawa makuti, nyumba zikaezekwa, na ya Bi Tatu ikaezekwa kwanza. Njia ya kisimani ikafyekwa. Jumbe akabaki jumbe, maana majumbe hawabomoki kama nyua. Mashimo yapo, chumvi ipo, na bado inakula miguu ya watu, ila siku hizi miguu hiyo inaonekana. Wageni wengine walipoiona waliondoka. Wengine walibaki, wakanunua.

Na upepo ukitoka upande wa porini, kikohozi husikika mpaka sokoni. Mgeni huuliza, "Ni nini hiyo?"

Hakuna anayesema mbuzi. Wanasema, "Ni mtu. Ni mtu wetu."

"Anaitwa nani?"

Hapo ndipo watu wa nchi tajiri wanapoinama, kila mmoja akatazama miguu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, pabaya, na sina kipande kitamu cha kuwafutia midomo. Funzo lake ni hili: nchi inatajirishwa na watu wake, na ukimficha mtu wako kwa aibu, umeshamtoa aliwe.

Haya, nendeni mkanawe miguu mlale. Na yule mama anayetuletea kuni, mnayemwita Mama Kuni, kesho asubuhi mmoja wenu amuulize jina lake.