Tumbo la Sultani na Kiapo cha Tabibu Idarusi

Katika zama zilizokwisha kupita, ndani ya mji wa Tamrani uliozungukwa na kuta za mawe meupe, alitawala Sultani mmoja aliyeitwa Ghailani bin Mudhari, na Sultani huyu alikuwa na majeshi na mabustani na hazina isiyohesabika, na juu ya hayo yote alikuwa na tumbo. Nalitaja tumbo peke yake kwa sababu ndilo lililotawala. Kila alipokula lilijaa upepo, likavimba na kunguruma hata wajumbe wa nchi za mbali wakakatiza hotuba zao wakidhani Sultani amenena neno, na kiungulia kikampanda mpaka kooni, na siku aliyoumwa sana hapakuwa na mshitakiwa aliyetoka barazani salama.

Na sababu yake kila mtu aliijua isipokuwa wale wakubwa. Desturi ya Tamrani ilikuwa kwamba hapana mgeni awezaye kuinua mkono siniani kabla ya Sultani, na Sultani naye aliona haya kuinua mkono wageni wangali wanakula, asije akaitwa bahili. Basi huyu akamngoja yule na yule akamngoja huyu, wakala pilau na nyama ya kondoo na maharage ya nazi na halua, wakateremshia maji ya baridi, kisha wakajinyoosha papo hapo juu ya mazulia wakalala. Wakiamka wanaguna kama ng'ombe, wakaagiza tabibu aje awaambie kimewapata nini.

Mjini humo alikuwako tabibu mmoja, Idarusi bin Hamadi, aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mmoja aitwaye Ghanima, na elimu yake yote alimfundisha binti huyo. Idarusi alikuwa mpole katika kila jambo ila moja: hakujua kumdanganya mgonjwa. Alipoitwa kwa Sultani alimbonyeza tumbo, akamwuliza anakula nini na anakulaje, akasema mbele ya baraza zima:

"Ewe Sultani, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri. Punguza chakula, utafune polepole, na uyaache maji ya baridi juu ya mafuta. Maharage yalowekwe mpaka yalainike, na maji yake yamwagwe kabla ya kupikwa. Ukishakula usilale, tembea bustanini kidogo, kisha unywe maji ya moto yaliyochemshwa kwa tangawizi na bizari nyembamba. Dawa ni hiyo, na jikoni kwako imejaa tele."

Waziri Kutubu, ambaye riziki yake ilikuwa ni kusema lile ambalo Sultani anataka kulisikia, akasimama na kupangusa ndevu. "Mmemsikia, enyi watu wa baraza? Tabibu anataka Sultani wa Tamrani ale kama hamali wa forodhani, na baada ya kula azungukezunguke nje kama mtu aliyepoteza mbuzi."

Baraza likacheka, na Sultani akaona aibu, na aibu ya mwenye enzi hutafuta mtu wa kuilipa. Idarusi akatiwa katika gereza la chuma lililokuwa nje ya kuta.

Ghanima alimpelekea baba yake chakula kila siku, na kila siku alimwona amezidi kukonda, na kifua kimeanza kumbana kwa ule unyevu wa sakafu. Alijua kwamba mvua za masika zikimkuta humo, hatatoka isipokuwa amebebwa. Ndipo alipoikumbuka pete.

Pete hiyo ilikuwa na asili yake. Miaka mingi nyuma, jini mmoja aitwaye Harbushi alikaa pangoni karibu na mji, na watu wakawa wanamwekea vyano vya mayai na halua na maji ya waridi, naye akavila vyote asibakize, hata tumbo likamjaa upepo asiweze kuruka. Idarusi ndiye aliyemponya, na jini kwa shukrani akajifunga katika pete ya fedha awe mtumishi wa nyumba ile. Tabibu hakuwahi kuitumia hata mara moja, kwa kuwa hakuona alichopungukiwa.

Ghanima akaisugua, na Harbushi akatokea, kichwa chake kikigusa dari.

"Naam, binti wa bwana wangu. Amri ni yako na utii ni wangu."

"Mtoe baba gerezani."

"Gereza ni la chuma, bibi, na sisi majini hatugusi chuma. Niamrishe jingine."

"Basi mponye Sultani tumbo lake."

Harbushi akacheka, wala kicheko chake hakikuwa na furaha. "Ukitaka nitaling'oa jumba lake niliweke juu ya mlima. Lakini tumbo lile analijaza kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huo sina uwezo nao. Hata mimi, baba yako aliniponya kwa kuninyima halua, na nilimtukana sana siku zile."

Ghanima akatafakari, na uchungu ulikuwa umemjaa moyoni, maana aliona wazi kwamba maneno ya baba yake hayakukataliwa kwa kuwa mabaya bali kwa kuwa rahisi mno. "Kama Sultani hapokei ila maajabu," akasema, "tutampa maajabu."

Akaingia barazani akifuatwa na radi na moshi wa udi, na Harbushi nyuma yake amevaa joho la moto, na mawaziri wakajificha nyuma ya nguzo, Kutubu akiwa wa kwanza. Ghanima akainama akasema:

"Ewe Sultani wa masultani, nimekuletea tiba ya wafalme wa majini kwa nguvu ya pete hii. Hili ni bakuli la dhahabu, dogo kama kiganja, na chakula kisichotoka katika bakuli hili ni haramu kwa tumbo lako. Kila tonge litafunwe mpaka Harbushi amalize kuyataja majina ya wafalme saba. Akipiga upatu, wewe na wageni wako nyote muinue mikono, maana atakayeendelea jini atamkasirikia. Maharage yasipikwe mpaka yamelala katika maji, kisha maji hayo yamwagwe mbali, kwani ndimo shetani wa upepo anamojificha. Kisha utazunguka bustani ukifukizwa ubani, na mwisho utakunywa ikiwa moto dawa hii ya mizizi na mbegu kutoka nyuma ya Jabali Kafu."

Mizizi ilikuwa tangawizi na mbegu zilikuwa bizari nyembamba, na zote alizinunua asubuhi ile sokoni kwa mama mmoja aliyemwongezea na majani ya nanaa bure.

Sultani akatii kama mtoto, na wageni wake wakatii kwa kumwogopa jini, na mwezi haukuandama tena ila tumbo lilikuwa limetulia, kiungulia kimekwisha, na Sultani analala usingizi mpaka alfajiri. Mji ukapambwa. Waziri Kutubu akaisifu pete kwa maneno mengi, akataja na jinsi alivyokuwa ameiamini tangu mwanzo.

Sultani akamwita Ghanima mbele ya watu wote akasema, "Omba utakalo."

"Namwomba baba yangu," akajibu Ghanima.

"Atafunguliwa, na wewe nitakuoa, maana mwenye dawa ya tumbo langu hawezi kukaa nje ya jumba langu. Lakini mimi ni mtu wa haki. Baba yako alisema hapa kwamba dawa yangu ni kula kidogo na kutembea, na wewe umeniletea jini na dhahabu, nami nimepona. Basi imebainika kwamba yeye aliniongopea. Na akiri hivyo kwa kiapo, kisha aende kwake."

Ndipo Ghanima alipoona alilolitenda. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemthibitisha baba yake kuwa mwongo.

Idarusi akaletwa akiwa ameshikwa mabega, akaomba ruhusa aulize ni tiba gani iliyomponya Sultani. Kutubu akamweleza kwa madaha, pete na bakuli na majina ya wafalme na upatu na maharage na bustani na mizizi ya moto, na mzee akasikiliza neno moja moja, na Kutubu alipofika kwenye mizizi, mzee akamtazama binti yake. Akaelewa yote. Angeweza kusema kwamba dawa hiyo ni yake, na ukweli ungekuwa upande wake, lakini binti yake angekuwa mtu aliyemchezea Sultani mbele ya raia wake, na hukumu ya jambo hilo Tamrani ilikuwa upanga.

Ghanima akafungua kinywa aseme, na baba yake akamtangulia.

"Naapa kwa jina la Mola wangu," akasema Idarusi, "kwamba nilisema uongo. Chakula hakimdhuru mtu. Tumbo huponywa kwa pete."

Watu wakapiga makofi. Ghanima alilia, na wakubwa wakasema kwamba analia kwa furaha ya ndoa.

Arusi ikafanywa, na Ghanima akavikwa lulu na hariri, akapewa vijakazi na mashamba, na pete ikahamia katika kidole cha Sultani. Na kwa kuwa pete sasa ilikuwa kidoleni, Sultani aliona hana haja tena ya kusumbuliwa na bakuli dogo. Akalitia hazinani, akarudi kwenye sinia, na tumbo lilipomvimba alimtukana Harbushi kwa uvivu, na Harbushi akanyamaza kwa kuwa alikuwa mtumwa. Mjini nako watu waliacha tangawizi iozee vikapuni, wakanunua pete za bati na hirizi za kufunga kiunoni, wakala kuliko zamani kwa kuwa tabibu mwenyewe ameapa kwamba chakula hakimdhuru mtu.

Siku moja Malkia Ghanima alipewa ruhusa ya kwenda kumwona baba yake, na askari wa Sultani wakasimama mlangoni. Mzee alimwandalia kiti, yeye akakaa chini.

"Baba, usikae chini."

"Ndiyo adabu, Bibi Malkia."

Wakiwa katika hali hiyo akaingia jirani, Bi Tamima, amejishika tumbo na hirizi zinamning'inia. "Mzee Idarusi, nateseka. Tumbo limejaa upepo tangu juzi, silali, sikai. Hirizi ninazo, na kula nakula vizuri tu. Nifanye nini?"

Ghanima alimtazama baba yake. Juu ya rafu nyuma ya mzee palikuwa na birika, na jiko lilikuwa na moto. Alimwona akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, kisha akawatazama wale askari, kisha akamtazama yeye.

"Mimi niliapa mbele ya watu, Bi Tamima," akasema Idarusi. "Ongeza hirizi."

Bi Tamima akashukuru akatoka akijikokota, na askari wakabisha mlango wakisema muda umekwisha.

Hekaya imefika hapo, na mkitaka ndoa mmeipata, na mkitaka utajiri mmeupata, na mafundisho yake nayasema japo ni machungu kama shubiri: ukiuvalisha ukweli joho la uongo ili wakubwa waupokee, watalichukua joho, na mwenye ukweli atakaa chini sakafuni mwake, akikuita Malkia.