Mkono wa Kulia wa Tasiani Luvanda

Hapo zamani, si zile zamani za wanyama kusema bali zamani za juzijuzi, malori yalipokuwa na majina kama watu, palikuwa na mtu katika mji mdogo wa Isumba aliyeitwa Tasiani Luvanda. Jina lake kamili, kama lilivyoandikwa katika daftari la ubatizo, lilikuwa Tasiani Alatanga Luvanda. Watu wa Isumba walimwita Mashoto, kwa sababu kazi zake zote alizifanya kwa mkono wa kushoto. Sisi tutamwita kwa jina lake.

Baba yake, Alatanga Luvanda, alifariki akaacha lori moja lenye tela. Ukoo ukakaa, ukaamua hivi: Tasiani akipata leseni ya malori kabla ya mvua za kwanza, lori ni lake. Asipoipata, lori litakwenda kwa Gwido Luvanda, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye leseni alikuwa nayo miaka mingi. Lori likabaki uani likisubiri. Kuku wakataga kwenye kiti cha dereva.

Na jambo la pili mlijue mapema. Pale Isumba lori likipata mwenyewe mpya, hupata na jina jipya. Jina huandikwa kwenye bao lililo juu ya kioo cha mbele, na lori lisilo na jina, wapakizi hawalipakii hata gunia moja. Dereva haandiki jina lake mwenyewe, maana huko ni kujitabiria. Haandiki jina la marehemu, maana wapakizi wanaogopa. Huandika jina la mtu aliye hai, yule aliyemfikisha kwenye usukani. Ni mtu mmoja tu. Bao halina nafasi ya wawili.

Basi, kwa mikono Tasiani alikuwa dereva mzuri. Gia aliingiza bila kelele. Tela alilirudisha nyuma kwa kutazama vioo tu, polepole, mpaka likasimama kiganja kimoja kutoka ukutani. Shida yake ilikuwa neno moja. Alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu alisema: "Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula." Watoto wote wakatazama mikono yao. Tasiani naye akautazama ule aliolia chakula, yaani wa kushoto, akaridhika. Tangu siku ile kulia kwake kukawa kushoto, na kushoto kwake kukawa kulia, na hakuna mtu aliyemuuliza.

Akaenda kwenye mtihani wa leseni mara ya kwanza. Askari wa trafiki akamwambia akate kulia, kuelekea hospitali. Tasiani akakata kushoto, akaingia uwanja wa kanisa siku ya harusi, na kwaya nzima ikapanda nyuma ikidhani hilo ndilo lori lililoagizwa. Akafeli.

Akaenda mara ya pili. Askari akamwambia akate kushoto. Tasiani akakata kulia, akaingia katikati ya mnada wa ng'ombe, na kabla hajazima injini lori lilikuwa limekwisha kutajiwa bei na watu wawili. Akafeli.

Akaenda mara ya tatu. Safari hii askari alikuwa mtu mzima mwenye familia. Kabla ya kupanda alimwomba amwonyeshe mkono wa kulia. Tasiani akainua wa kushoto. Askari akafunga faili, akaenda kunywa chai.

Ndipo Tasiani akajiunga na chuo cha udereva wa malori cha pale Isumba. Mkuu wa chuo alikuwa Bibi Otilia Mtewele, mwanamke wa maneno machache. Alimweleza kwamba mwanafunzi aliyefeli mara tatu kwa trafiki hapewi barua ya kurudi huko mpaka apimwe na yeye mwenyewe, barabarani, kona kumi na mbili. Akipita zote, atapewa barua. Akikosea moja, jina lake litafutwa katika daftari la chuo. Siku ya kupimwa ikawekwa mwezi mmoja mbele. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima.

Mtu wa kwanza kumsaidia alikuwa mke wake. Jina lake ni Atuganile Mwaipaja. Alimtazama mumewe akila ugali, akamtazama tena, kisha akamuuliza mkono wa kulia ni upi. Tasiani akauinua ule wenye tonge. Atuganile akaelewa yote. Kama neno linafuata chakula, alisema, basi chakula kihame mkono, na neno litahama nacho.

Tangu siku hiyo, kila wakati wa chakula alichukua kanga, akaufunga mkono wa kushoto wa Tasiani kwenye mguu wa kiti, akampakulia ugali wa moto na mlenda. Mlenda ulikwenda kila mahali isipokuwa mdomoni. Tasiani alikonda mpaka mkanda ukaongezwa matundu mawili. Lakini siku ya ishirini alikula sahani nzima kwa mkono wa kulia, bila kumwaga, na alipoambiwa aonyeshe kulia, akaonyesha kulia. Alikuwa amepona.

Atuganile hakumwambia mtu. Isumba ni mji wenye midomo, naye hakutaka isemwe kwamba anamfunga mumewe kamba. Mtu mmoja tu alijua. Gwido Luvanda alikuwa na tabia ya kuja kutazama matairi ya lori, kama mtu anayekagua mali yake, na siku moja aliona ile kanga, akaona ule mlenda, akaona mkono wa kulia ukifika mdomoni. Akaondoka bila kuaga.

Mtu wa pili kumsaidia alikuwa Bosko Ndelwa, dereva mstaafu, rafiki wa marehemu Alatanga. Alikuja zikiwa zimebaki siku kumi. Hakujua habari za kanga wala za mlenda. Alichojua ni kile kilichojulikana na mji wote, kwamba Tasiani akiambiwa huku anakwenda kule. Akaweka viti viwili uani, akamkalisha Tasiani kwenye kimoja, akampa mfuniko wa sufuria ndio uwe usukani, naye akakaa kando kama mtahini.

"Mwanangu," alisema Mzee Bosko, "dawa yako ni nyepesi. Ukiambiwa kulia, nenda kushoto. Ukiambiwa kushoto, nenda kulia. Usifikiri. Kufikiri ni kazi ya mwenye mzigo."

Tasiani alitaka kumweleza kwamba amekwisha kupona. Lakini mzee alikuwa amekuja kwa miguu, juani, na mtu hamkatizi rafiki wa baba yake. Akajibu, "Ndiyo, mzee." Na kwa siku kumi, Atuganile akiwa shambani, wakaendesha viti vile, kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, mpaka jambo likaingia mikononi. Basi yule aliyekuwa amepona akaugua tena.

Jioni ya mwisho Atuganile alitaka kumwonyesha Mzee Bosko jinsi mumewe alivyo tayari. Akasema, "Baba Lusajo, kata kulia." Tasiani akageuza mfuniko kushoto, na Mzee Bosko akapiga makofi. Atuganile akakaa chini, akaanza kulia. Kulia huko hakukuwa na upande. Mzee alipoelezwa habari ya mlenda, aliondoka na kofia yake mkononi, na kumrudisha Tasiani alikotoka hapakuwa na nafasi tena. Mtihani ulikuwa kesho asubuhi.

Mtu wa tatu ni Gwido. Alikuwa getini pa chuo kabla ya Tasiani kufika, amevaa shati safi. Akamshika mkono, akamtakia heri. Akamwambia kuna siri aliyoigundua, naye kama ndugu hawezi kumficha.

"Huyu Bibi Otilia naye ni mashoto kama wewe," Gwido alisema. "Nimemwona akila. Kulia anakokusema ni mkono wake wa kulia chakula. Kwa hiyo akisema kulia, ana maana ya kushoto. Usije ukasema sikukwambia."

Ulikuwa uongo. Bibi Otilia alikula kwa mkono wa kulia maisha yake yote. Gwido alijua dawa ya Atuganile na alitaka kuiharibu. Hakujua kwamba Mzee Bosko alikuwa amekwisha kuiharibu kabla yake.

Tasiani akapanda lori la chuo. Bibi Otilia akapanda upande wa pili na karatasi yake. Wakatoka. Wakafika kona ya kwanza, na Bibi Otilia akasema, "Kulia."

Tasiani akapunguza mwendo. Akaanza kunong'ona. "Gwido: akisema kulia, ana maana ya kushoto. Bosko: ukiambiwa kushoto, nenda kulia. Atuganile: kulia ni mkono wenye mlenda." Akautazama mkono ule, akakata kulia. Sawa.

Kona ya pili, "Kushoto." Akapunguza mwendo, akataja Gwido, akataja Bosko, akataja Atuganile, akakata kushoto. Sawa. Kona ya tatu hivyo hivyo. Kona ya nne hivyo hivyo. Baiskeli zikawapita. Bibi kizee mwenye kuni kichwani akawapita, akawasalimu. Kufika kona ya kumi na mbili walikuwa wametumia asubuhi nzima, na Tasiani hakuwa amekosea hata moja.

Bibi Otilia akamwambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona mwanafunzi anayeiheshimu kona namna ile. Katika karatasi aliandika: "Mwangalifu. Husali kabla ya kila kona." Akampa barua. Kwa trafiki nako Tasiani akataja majina yale yale matatu, akapata leseni, siku nne kabla ya mvua. Ukoo ukamkabidhi ufunguo.

Likabaki jina. Magunia ya viazi yalikuwa tayari kando ya barabara. Wapakizi walikuwa wamekalia magunia hayo, wakisubiri bao liandikwe. Fundi rangi, Ezekia Mhema, alikuwa amekwisha kupanda ngazi na kopo lake. Akauliza aandike nani. Na pale uani wakajitokeza watu watatu.

Atuganile alisema kwanza. Alisema tatizo aliliona yeye, na dawa yake peke yake ilitosha. Kama wawili hawa wangekaa kwao, mumewe angefaulu bila kutaja jina la mtu.

"Tena," akasema, "nimeitwa Binti Mwaipaja kwa jina la baba yangu. Nimeitwa Mke wa Mashoto kwa mkono wa mume wangu. Sasa naitwa Mama Lusajo kwa jina la mwanangu. Langu mimi bado halijaitwa na mtu."

Mzee Bosko hakukataa kwamba aliharibu. Lakini aliharibu kwa mapenzi, siku kumi juani, na mwenye dawa alimficha. Kisha akatoa hoja ambayo hakuna aliyeitegemea. Uongo wa Gwido, alisema, ulikuwa unakuja kwa vyovyote. Kama ungekuta dawa ya Atuganile ikiwa nzima, ungeibomoa, na Tasiani angefeli. Ulipofika ulimkuta Bosko mlangoni, ukageuza kilichokwisha kugeuzwa.

"Mimi sina mtoto," akasema. "Nikizikwa, jina la Ndelwa linazikwa nami. Nimeendesha malori ya watu miaka arobaini, na kila lori lilikuwa na jina la mtu mwingine."

Gwido alisema mwisho, na hakuinamisha uso. Alisema hao wawili walimfikisha Tasiani getini akiwa mtu wa kukosea. Aliyemwingiza akiwa mtu wa kupatia ni yeye.

"Nia yangu ilikuwa mbaya, sikatai," alisema. "Lakini gari haliendi kwa nia, linakwenda kwa usukani. Na tena, kwa neno langu hilo nimelikosa lori. Mama Lusajo hakukosa kitu, mzee hakukosa kitu. Mimi peke yangu nimelipa."

Atuganile akamwambia, "Shemeji, mwizi aliyeangusha ufunguo mlangoni hadai nyumba."

"Sidai nyumba, shemeji," Gwido akajibu. "Nadai kibao cha mlangoni."

Wapakizi wakacheka, kisha wakatazama juu, maana tone la kwanza la mvua lilikuwa limeanguka juu ya gunia.

Tasiani alichukua mfuniko wa sufuria, akakaa kwenye kiti, akajaribu kona upya akitaja majina. Akamtoa mmoja katika wale watatu, akakosea. Akamrudisha, akamtoa mwingine, akakosea. Akamtoa wa tatu, akakosea. Halafu akawatoa wawili akambakiza mmoja, akapatia. Na yeyote aliyembakiza, alipatia. Kwa hiyo kwa kila mmoja ilikuwa kweli kwamba bila yeye Tasiani asingefaulu, na kwa kila mmoja ilikuwa kweli kwamba bila wale wawili yeye angetosha. Akauweka mfuniko chini.

Mvua ikaongezeka. Viazi vikaanza kulowa. Fundi Ezekia, brashi mkononi, akasema kwamba rangi haitashika kwenye bao lenye maji, na kama wana jina wampe sasa.

Haya basi, mliosikia. Yuko mwanamke aliyetibu, yuko mzee aliyeharibu kwa upendo, yuko ndugu aliyeokoa kwa chuki. Bao ni moja, fundi yuko juu ya ngazi. Je, mngemwambia aandike jina la nani?