Lwitiko na Mitupo Miwili ya Fainali

Isome mpaka mwisho, kisha mtumie mtu unayemjua anaogopa kuchekwa.

Katika ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu palikuwa na mchezaji aitwaye Lwitiko, mrefu kiasi kwamba kila mlango aliuinamia. Chini ya kikapu hakuna aliyemweza. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: mitupo huru, ile anayopewa mchezaji akifanyiwa faulu, asimame peke yake mbele ya kikapu bila mtu wa kumzuia. Hapo alikosa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

Wapinzani walishamjua. Mechi ikikaza, wanamfanyia faulu makusudi. Anatupa, anakosa, wanachukua mpira. Timu yake ya Miamba ilipoteza fainali kwa namna hiyo, na Lwitiko akatoka uwanjani amejifunika taulo usoni.

Msimu uliofuata akaja kocha mpya, mama mmoja asiyezungusha maneno, aitwaye Nyangeta. Alimtazama akitupa, akamwambia, "Viganja vyako ni vikubwa mno, mkono mmoja unaupoteza mpira. Ushike kwa yote miwili, ushushe mpaka magotini, uurushe kutokea chini."

"Kocha, hivyo wanatupa watoto wa chekechea. Watu watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Sasa wewe unataka kombe, au unataka wasikucheke?"

Lwitiko akajaribu mazoezini, milango ikiwa imefungwa. Mpira ukaingia. Akarusha tena, ukaingia tena, laini, bila hata kugusa chuma. Lakini kwenye mechi, mbele ya watu, alirudia mtindo wake wa zamani na kuendelea kukosa. Nyangeta hakumlazimisha.

Wakafika fainali tena, safari hii dhidi ya Radi. Kocha wa Radi alikuwa Mzee Semkiwa, mchezaji mashuhuri wa enzi zake, ambaye jina lake lilijulikana kila kona ila kombe hakuwahi kulishika.

Ukumbi ulijaa pomoni. Timu zilifukuzana kikapu kwa kikapu mpaka watu wakashindwa kukaa vitini. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Miamba walikuwa nyuma kwa pointi moja. Lwitiko akapata mpira chini ya kikapu, akaruka, na Semkiwa akapiga kelele kutoka pembeni, "Mzuieni, hata kwa faulu!"

Wakamwangusha. Refa akapuliza. Mitupo miwili.

Mashabiki wa Radi walianza kushangilia kabla hajaupokea mpira. Lwitiko alisimama mstarini. Akamtazama kocha wake. Nyangeta alikuwa amekunja mikono tu.

Lwitiko akaushika mpira kwa mikono miwili, akainama, akaushusha mpaka magotini.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wachezaji wenzake wawili waliinamisha nyuso kwa aibu. Akarusha. Mpira ukapanda taratibu, ukashuka, ukatumbukia. Wakawa sawa.

Kicheko kikapungua. Akarusha wa pili. Ukatumbukia. Sekunde zikaisha, na Miamba wakawa mabingwa. Ukumbi ulilipuka, Lwitiko akabebwa juu juu na wenzake, analia na kucheka kwa pamoja.

Alipotua chini, alimkuta Mzee Semkiwa amesimama mbele yake. Watu wakadhani anataka ugomvi. Mzee akamkumbatia.

"Ulipoinama tu," alisema, "nilijua tumefungwa."

"Ulijuaje, mzee? Sijawahi kutupa hivi kwenye mechi."

"Nikiwa kijana nilitupa hivyo hivyo. Ilikuwa inaingia, mwanangu. Watu wakanicheka, nikaacha. Fainali zangu zote nilizipoteza kwa mitupo huru."

Akampiga piga begani, akaenda kuwafariji vijana wake.

Funzo: Anayekucheka hapotezi kitu, anayepoteza ni wewe, ukiacha kinachokufaa kwa kuogopa kicheko chake.