Bi Lubaba na Mgeni Kutoka Mji Ulioanguka

Tumepokea kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki aliishi mjane mchamungu, Bi Lubaba, muoka mikate. Hakujaliwa ila binti mmoja, Rayta. Marehemu baba yake alimchukua safarini hadi milima ya Khurasani, akamwoza huko kwa mtu aitwaye Harmala, na Bi Lubaba hakupata kumwona mkwewe huyo hata mara moja.

Ikafika siku msafara ukaleta habari ya zilizala. Ardhi ya milima ile ilitikisika, majumba yakawaangukia wenyewe, na mji wa Rayta ukawa kifusi. Majirani wakaja kutoa mkono wa tanzia. Bi Lubaba aliwapokea kwa adabu, akasema, "Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Lakini sijui kama mwanangu yu hai au amefariki, nami sitamtangulia Mola wangu katika hukumu yake." Kisha akarudi kukanda unga.

Baadaye manusura wakaanza kuwasili, wakapewa hifadhi katika ua wa msikiti. Bi Lubaba akawa anawapelekea mikate kila asubuhi, na kila aliyempa alimwuliza kwa upole kama anamjua Rayta, mke wa Harmala. Wengi walitoka vijiji vingine, hawakumjua.

Miongoni mwao alikuwamo mwanamume aliyefungwa vitambaa mikono yote miwili, hata hawezi kujimegea mkate. Bi Lubaba alikuwa akimmegea na kumlisha. Alipomwuliza, yule mtu aliinamisha macho. "Simjui, mama."

"Basi ukimpata anayemjua, usinifiche."

Hali ikaendelea hivyo, yeye akilishwa na huku akiulizwa, hadi asubuhi moja akalikataa tonge. Akasema, "Mama, nilikudanganya. Mimi ndiye Harmala."

Bi Lubaba akaketi chini.

"Ardhi ilipotikisika nilikuwa shambani," akaendelea Harmala. "Nilirudi nikakuta nyumba imelala. Nikachimba kwa mikono hii mpaka nikaufikia mkono wake. Alikuwa hai, tukazungumza. Lakini jiwe lililomlalia lilitushinda, maana tulikuwa wachache na wengine wameumia. Akatamka shahada, akafariki. Nimetembea njia yote hii nikuletee habari, na nilipokuona nikashikwa na haya. Nitakuambiaje kwamba mimi nimetoka na yeye amebaki?"

Bi Lubaba akajifunika uso kwa shela, akalia kwa muda mrefu. Alipojifunua aliuliza jambo moja tu. "Hukuuachia mkono wake?"

"Sikuuachia, mama, mpaka ulipopoa."

"Alhamdulillahi," akasema. "Tangu habari ile itufikie, katika kila sijida nimekuwa nikimwambia Mola wangu: kama umekwisha kumwita, basi asiwe peke yake. Kumbe alinijibu hata kabla sijaomba. Inuka twende nyumbani, mwanangu. Vidonda vyako vinataka maji ya moto."

Harmala akaishi naye kama mwana wa kumzaa. Mikono yake ilipona, ingawa vidole havikunyooka tena, naye akajifunza kuukanda unga kwa viganja. Watu walipomsifu Bi Lubaba kwa subira yake, alikuwa akiwajibu, "Subira nilikuwa nayo nilipokuwa sijui. Sasa nina cha kushukuru."

Enyi ndugu katika imani, mja huyu mwema alilia, na machozi yake hayakumpunguzia kitu mbele ya Mola wake. Zingatieni pia kwamba Harmala alificha ukweli kwa haya na huruma, na kwa siku zote hizo ukawa umefichwa pamoja nao ule ujumbe ambao mama yule aliuhitaji kuliko wote. Mwenyezi Mungu awaruzuku walio mbali nasi, katika saa yao ya dhiki, mkono wa kuwashika, na atujaalie sisi tulio salama tuwafungulie milango. Amina.