Kwa Nini Wafu Hawatugeukii

Ulikuwepo wakati ambapo kufa hakukuwa kuachana kabisa. Watu wa milima ya Mshihwi walilia msiba kama tunavyolia sisi, wakanyoa nywele na kukaa matanga, lakini kilio chao kilikuwa na kikomo, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba baada ya mavuno atamwona mtu wake. Njia ilikuwa mzizi wa mkumbu, kichaka kifupi chenye majani ya kijivu kilichoota juu ya vichuguu. Mzizi huo ulichemshwa tangu alfajiri hadi maji yawe mekundu, na siku zile ulikuwa mtamu kama maji ya muwa.

Walikunywa wote pamoja uwanjani, siku moja tu kwa mwaka. Kwanza vidole viliingia ganzi. Kisha migomba ikaanza kupumua, mvumo wa mto ukawa na rangi, na mtu akajiona mdogo kama punje ya ulezi na mpana kama mlima kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wafu walipopanda kutoka bondeni wakaketi mbele ya watu wao, uso kwa uso. Wakaulizana habari. Aliyekufa na kinyongo alisuluhishwa. Aliyeondoka bila kuaga aliaga. Jua lilipoinama, wafu walinyanyuka wakaenda zao, na walio hai wakarudi nyumbani kupika.

Katika wakati huo aliishi mfinyanzi mmoja jina lake Nakijwa, na mumewe Kaniaki, na binti zao wawili. Mkubwa aliitwa Naetwe. Alikuwa na miaka saba, pengo mbele, na tabia ya kuonja udongo wa mama yake kabla haujakandwa, akisema huu mzuri, huu utapasuka. Msimu wa baridi ulipokuja, kifua kilimbana. Siku ya tisa akafa. Mdogo wake, Mbike, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea mpaka kwa jirani bila kuanguka, naye kwa muda mrefu aliendelea kumtafuta dada yake nyuma ya mlango.

Mavuno yalipofika, Nakijwa alikunywa na wenzake, na Naetwe akaja. Alikuwa na pengo lake. Alicheka, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na Nakijwa akausikia uzito wa kile kichwa, na joto lake. Siku ikaisha kama kupepesa jicho. Wenzake waliamka wakiwa wepesi, wengine wakiimba. Yeye aliamka kama mtu aliyezika mara ya pili.

Hakuweza kungoja mwaka. Mwezi haujaisha, alichukua jembe akaenda kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba, akachimba mkumbu wake mwenyewe. Akanywa peke yake nyumbani, mchana, Kaniaki akiwa shambani. Naetwe akaja. Baada ya siku nne akanywa tena. Halafu kila baada ya siku mbili. Udongo wake ukakauka na kupasuka, na wateja waliokuja kuulizia vyungu walimkuta ameegemea ukuta, macho wazi, anatabasamu na hewa. Mbike akimwita, alimwitikia kwa jina la marehemu.

Mlinzi wa mkumbu alikuwa bibi mmoja mzee, Nankondo, ambaye aliwahi kuzika watoto watano. Aliposikia habari alikwenda, akakaa na Nakijwa chini kibarazani.

"Mwanangu," alimwambia, "ile ni njia ya kwenda kusalimia. Si ya kuhamia."

Nakijwa alikubali kwa kichwa, akamshukuru, akamsindikiza hadi njia panda. Kesho yake alichimba tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Kaniaki aliondoka mapema kwenda kwenye shamba la mbali, baada ya kumwomba mkewe angalau ampikie mtoto uji. Nakijwa alibandika chungu kimoja tu, na hakikuwa cha uji. Alikunywa, akaweka kibuyu chini kikiwa na masalio, akaegemea ukuta. Mbike alikuwa na njaa tangu jana jioni. Alimvuta mama yake nguo, akalia kidogo, akanyamaza. Kisha akakiona kibuyu, akachovya kidole, akaonja. Mkumbu ulikuwa mtamu.

Huko alikokuwa, Nakijwa alimwona Naetwe anapanda kutoka bondeni kama kawaida. Halafu akamwona Mbike anamkimbilia dada yake, haanguki, hajikwai. Wakashikana mikono. Nakijwa alifurahi furaha ambayo hakuwahi kuijua hata siku ya arusi yake. Alisema moyoni, wanangu wote wawili wako nami. Ni Naetwe peke yake ambaye hakucheka.

"Mama, mrudishe huyu," alisema. "Siku yake bado."

Nakijwa alimwomba amwachie kidogo tu awatazame. Naetwe akarudia. Mama akaomba tena kidogo. Na kidogo kile ndicho kilichokula muda wote uliokuwapo.

Alipoamka, jua lilikuwa limehama ukuta. Mbike alikuwa amejikunja ubavuni pake, kibuyu mkononi, na mwili wake ulikuwa umekwisha kupoa.

Kaniaki hakumpiga mkewe wala kumtukana. Alimbeba mtoto, akamtazama Nakijwa, akasema, "Yule nilimzika kwa ugonjwa. Huyu nimzike kwa nini?"

Matanga yalipoanuliwa, alikwenda kwa Nankondo akapiga magoti, akasihi anywe mara moja tu awaombe watoto wake radhi. Bibi alifikiri sana. Mwisho alichemsha mzizi kwa mkono wake, akaketi karibu naye, akamshika kiganja ili asipotee.

Wasichana walikuja wameshikana mikono, na nyuma yao wafu wote wa milima ile, mababu kwa mabibi. Nakijwa aliwaomba radhi. Aliwaomba pia wamruhusu abaki. Naetwe alimtazama mama yake mpaka macho yakamjaa maji, maana siku zile hata wafu walilia.

"Mama, ukituona uso kwa uso, unatufuata," alisema. "Na ukitufuata, nyumbani habaki mtu."

Akamshika Mbike mabega, akamgeuza polepole aelekee bondeni. Kisha akageuka mwenyewe. Wale wengine nyuma yao wakageuka, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Nakijwa akasikia uchungu unampanda kooni, mkali kuliko nyongo, akatapika mpaka akaishiwa nguvu, Nankondo akiwa bado amemshika.

Mavuno yaliyofuata, kila aliyekunywa aliukuta mkumbu mchungu hivyo hivyo, na kila mtu aliona visogo. Kulikuwa na hasira. Wengine walitaka Nakijwa afukuzwe, lakini Nankondo alikataa. Nakijwa aliishi hadi uzee, akifinyanga. Kila mwaka alikunywa, akakaa nyuma ya migongo ile miwili midogo, akaisimulia habari za nyumbani: nani kaoa, ng'ombe gani kazaa, mvua imenyesha wapi.

Na tangu siku hiyo mkumbu ni mchungu kiasi kwamba hakuna mtoto anayeweza kuumeza, na hakuna anayekunywa bila mtu aliye hai kumshika mkono. Tangu siku hiyo pia, ukimwota marehemu wako, mara nyingi utamwona anatangulia njiani, utamtambua kwa mwendo wake, utamwita, naye hatageuka. Usidhani amekukasirikia.

Bado kila baada ya mavuno watu wa Mshihwi hupanda uwanjani. Huumeza uchungu ule, hutapika, hutetemeka mchana kutwa, kwa ajili ya kuiona migongo tu.