Gia ya Kwanza Kwenye Mteremko

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii ina pande mbili, na wengi wetu huishia upande wa kwanza kwa sababu ndio mtamu. Kumnyonga usiyempenda hakuhitaji mafunzo. Hata mtoto anayeota meno anaweza. Kumpa haki yake ndiko kunakotutoa kijasho. Mzee mmoja wa pikipiki alijifunza upande wa pili akiwa amebakiza miezi minne astaafu, na somo lenyewe lilimchubua hadi mfupani.

Mzee huyo alikuwa mkuu wa madereva katika maabara moja kubwa. Madereva wake walizunguka zahanati za mbali kwa pikipiki, wakakusanya sampuli za damu na kuzileta zipimwe kabla hazijaharibika. Jina lake la kuzaliwa lilisahaulika. Wote walimwita Mzee Gia. Ilisemwa kwamba siku moja kuku alianza kuatamia mayai kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yake, naye akasafiri naye maili thelathini akibadili gia kwa ulaini hata kuku asifumbue jicho. Wengine waliongeza kwamba vifaranga waliangulika njiani. Mzee Gia hakuwahi kuukana uvumi huo. Aliurekebisha tu: "Maili arobaini."

Basi zikaja pikipiki mbili mpya za majaribio. Zilikuwa na gia za mguu kama nyingine, ila klachi ilijiendesha yenyewe: injini ikizunguka kwa kasi inashika, ikipunguza inaachia. Mkono wa kushoto haukuwa na wenzo wa kuvuta. Mzee Gia alizizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa sokoni.

"Dereva asiye na klachi ni abiria aliyekaa mbele," alisema. "Na mkono wa kushoto ukikosa kazi, utaanza kuokota vya watu."

Madereva walicheka hadi wakashikana mabega. Siku ya mafunzo, kijana aliyetumwa kuzielezea alikuwa bado anafungua kijitabu chake Mzee Gia aliposimama. "Mwanangu, mimi nilianza kuendesha kabla baba yako hajamposa mama yako," akasema, akaenda zake. Nakala yake ya kijitabu aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza ya gereji uliokuwa ukicheza.

Aliyebaki hadi mwisho wa mafunzo, tena kwenye kiti cha mbele, alikuwa dereva mpya, mwanamke aliyeitwa Dole. Zamani alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa nafaka. Mashine ilimkata vidole vinne vya mkono wa kushoto, ikambakizia dole gumba na vipande vifupi, vya kushika usukani lakini si vya kuvuta klachi. Jina hilo alijipa mwenyewe kabla hajapewa baya zaidi. Alikuwa akilea watoto wawili wa marehemu dada yake, na kazi hii aliipata kwa sababu pikipiki hizo zilikuja. Zikiondoka, naye angeondoka.

"Binti," Mzee Gia alimwambia wiki ya kwanza, mbele ya wote, "hicho si chombo, ni kiti cha kubembea."

"Sawa, mzee wangu," Dole akajibu huku akifunga sanduku la sampuli. "Mimi nabembea, na damu za watu zinafika."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mzee Gia alicheka pia, ila alikuwa wa kwanza kuacha.

Uwanja huo ulikuwa juu, na lango la kutokea lilikuwa chini. Katikati palikuwa na njia ya saruji yenye mteremko mkali. Mwisho wa mteremko, kwenye kivuli cha ukuta, mlinzi wa lango aliweka kiti chake, uso ukielekea barabarani. Alikuwa rika la Mzee Gia na mshindani wake wa dama kila mchana. Walikuwa wametukanana kwa upendo kwa miaka kumi na tisa.

Jumanne moja asubuhi, Dole alirudi kutoka safari ya kwanza, akaegesha pikipiki yake katikati ya uwanja, akatundika ufunguo kwenye msumari wa ofisini, akapanda ngazi kupeleka sampuli. Mara likaingia lori la vifaa, dereva wake akabonyeza honi kama aliyekanyagwa.

"Nani kaacha hii hapa? Nina haraka, jamani!"

Mzee Gia alikuwa peke yake ofisini. Akachukua ufunguo. Alipoisukuma pikipiki, ilikataa kusogea. Akatafuta, akakuta kikono kidogo cha breki ya maegesho kimefungwa. Akasonya, akakifungua. Kisha, kwa kuwa hakuna dereva wake hata mmoja aliyekuwa akimwona, aliiwasha na kuiendesha. Hatua thelathini tu. Iliteleza kama siagi kwenye kikaango, na jambo hilo lilimuudhi zaidi. Akaisimamisha ukingoni mwa mteremko, mdomo ukitazama langoni. Akazima injini, akakanyaga gia ya kwanza, akaiegemeza kwenye stendi ya pembeni, akarudisha ufunguo msumarini. Kwa miaka arobaini ndivyo alivyoegesha pikipiki kwenye mteremko. Pikipiki iliyoachwa kwenye gia haiendi popote, hata ukiisukuma na ndugu zako.

Lori lilishusha mizigo, likanguruma, likapita kandokando ya pikipiki kwa kishindo, likatoka langoni. Saruji ikatetemeka. Pikipiki ikajisogeza kidogo, stendi ikakunjika, na ile mashine yenye sanduku zito mgongoni ikashuka kimya kimya bila mlio wa injini, ikamwangukia mlinzi pale kitini.

Mzee Gia aliusikia ukelele. Alipofika, mguu wa rafiki yake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Imejiendesha yenyewe!" dereva mmoja alipiga kelele walipokuwa wakiinyanyua. "Si Mzee alisema? Mzee alisema hizi si pikipiki!"

Macho yote yakamgeukia kwa heshima. Wakati huo Dole alikuwa akiteremka ngazi mbili mbili.

"Niliifunga breki," alisema akihema. "Nadhani niliifunga. Lakini niliiacha kule, au...?"

Mzee Gia alijua kwamba aliifunga, maana ni yeye aliyeifungua. Alifumbua kinywa. Akaona mlinzi anabebwa. Akajiambia atasema watu wakitulia. Tena, akajiambia, yeye aliiacha kwenye gia, na kama gia haikuizuia, basi mashine ni mbovu, na nani aliyeisogeza si hoja. Akafumba kinywa. Neno lisilosemwa kwa wakati wake huota mizizi.

Alasiri ile daktari mkuu wa maabara, mama mmoja wa maneno machache, alimwita. "Ichunguze hiyo pikipiki. Ijumaa utatuambia. Ukisema ni mbovu, zote mbili zinarudi zilikotoka. Dole nimemsimamisha kwa sasa. Zikirudi, sina nyingine anayoweza kuendesha."

Jumatano asubuhi Mzee Gia alijifungia gereji. Alifungua klachi, akaikagua sahani kwa sahani, zilikuwa safi. Akaifunga. Akakanyaga gia ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikaenda, laini kama mlango uliotiwa mafuta. Akaleta pikipiki yake ya zamani, akafanya vilevile. Ikagoma kama punda. Akarudi kwenye ile mpya, akaijaribu na gia ya pili, na ya tatu. Ikaenda tu.

Akapiga magoti, akachomoa kijitabu chini ya mguu wa meza, akakikunjua. Ukurasa wa sita, kwa herufi nzito, uliandikwa: "Injini ikizimwa, klachi huachia. Gia haitaizuia pikipiki kwenye mteremko. Funga breki ya maegesho."

Alikaa juu ya debe la oili, kijasho chembamba kikimtoka. Mashine haikukosea, ilifanya kile ilichoandikiwa kufanya. Mkono wake ndio uliomvunja rafiki yake mguu.

Hapo ndipo Ibilisi alipovuta kiti. Mzee hakuhitaji kusema uongo hata chembe. Angeandika sentensi moja: "Pikipiki hii ikiachwa kwenye gia mteremkoni, hushuka." Kweli tupu. Kila mtu angeelewa anachotaka kueleweshwa. Pikipiki zingerudi, naye angestaafu kwa heshima. Kisha angeitwa tena kuwa mwalimu wa madereva, kama alivyoahidiwa.

Aliiandika sentensi hiyo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Alhamisi Dole alikuja gereji, hana sare. Alisimama mlangoni.

"Mzee wangu, sikai. Nimejaribu kukumbuka kama mkono huu uliifunga ile breki. Jumatatu naikumbuka. Jumapili naikumbuka. Jumanne inanikimbia. Hata pale nilipoiacha sasa sina uhakika. Basi kama ni mimi, andika. Usinionee huruma kwa sababu ya vidole."

"Nani kakwambia mimi nina huruma?" Mzee Gia alisema, sauti ikimkwaruza.

"Mlinzi ana wajukuu," Dole akasema. "Nikimfikiria, silali." Akaondoka.

Mzee alibaki akiutazama mlango. Mtu akisingiziwa na watu, anaweza kwenda kwake akajifungia. Akianza kujisingizia mwenyewe, ajifungie wapi?

Ijumaa walikaa chumba cha mikutano: daktari mkuu, madereva wote, na Dole kwenye kiti cha pembeni. Mzee Gia alisimama na karatasi yake. Akaitazama. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Daktari, pikipiki hii siipendi," alianza. "Sikuipenda ilipokuja, siipendi leo, na kesho msinitegemee. Imeninyang'anya kazi ya mkono niliyoitukuza maisha yangu yote. Lakini haina kosa. Na huyu binti hana kosa. Yeye aliiacha tambarare, breki imefungwa. Mimi ndiye niliyeifungua ile breki, nikaisogeza kupisha lori, nikaiacha mteremkoni kwenye gia kama ninavyoacha yangu. Kijitabu kinakataza. Sikukisoma."

Daktari aliiweka kalamu yake mezani.

"Ulijua hili tangu lini?" daktari aliuliza.

"La breki, tangu Jumanne. La gia, tangu Jumatano."

"Leo Ijumaa."

"Leo Ijumaa, Daktari."

Dole hakumshukuru. Aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, vile vipande vinne vikionekana na wote. "Siku tatu, mzee wangu," alisema polepole. "Siku tatu nimeutukana mkono huu."

Mzee Gia aliinamisha kichwa. 

Daktari mkuu hakupandisha sauti. Ukuu wa madereva aliuondoa hapo hapo. Ile kazi ya ualimu baada ya kustaafu akaifuta. "Pikipiki zinabaki," akasema. "Dole anarudi kazini leo. Na Jumatatu madereva wote watajifunza upya kuziegesha. Dole atafundisha. Wewe utakaa benchi la mbele."

Kutoka hapo Mzee Gia alikwenda moja kwa moja hospitali. Mlinzi alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa.

"Umeleta dama?" mlinzi aliuliza kwa furaha. "Nimechoka kuhesabu vigae vya dari. Vipo mia mbili na sita, na kimoja kimepasuka kama wewe."

Mzee Gia hakuketi. Alimweleza yote, bila kuruka hata hatua moja kati ya zile thelathini. Mlinzi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Nilimlaani yule binti," alisema, akiuambia ukuta. "Nimelala hapa nikimlaani mtoto wa watu, na wewe ulikuja Jumatano ukakaa kitandani hapa, ukala machungwa yangu."

"Ndiyo."

"Nenda, bwana. Uje Jumapili. Leo siwezi kukutazama."

Mzee akaenda. Jumapili alirudi, mlinzi alimtazama, lakini hakumtania, na kukosa matusi ya rafiki yake kulimuuma kuliko kukosa cheo.

Jumatatu asubuhi madereva walijipanga uwanjani. Benchi la mbele lilikuwa na mtu mmoja tu, mwenye mvi, kofia magotini. Dole aliisimamisha pikipiki juu ya mteremko, akazima injini, akakanyaga gia ya kwanza. Aliifunga kwa kamba kwenye nguzo, akaisukuma. Kamba ikakaza ting'.

"Mmeona? Gia haishiki," alisema. Akamgeukia aliye mbele. Hakukuwa na kejeli usoni mwake. "Ukiizima hapa, mzee wangu, utaizuia kwa kitu gani?"

Mzee Gia alisimama wima, kama wanavyosimama wanafunzi.

"Kwa breki, mwalimu," alisema.

Dereva mmoja wa nyuma alianza kucheka. Alipoona yuko peke yake, akanyamaza. Dole aliitikia kwa kichwa, akampa mzee ufunguo, akamwambia ajaribu yeye wa kwanza. Mzee akaipanda ile mashine asiyoipenda, akaizungusha uwanja mzima, akairudisha mteremkoni mahali pale pale. Akazima. Akainama, akatafuta kikono kidogo, akakifunga, akakijaribu mara mbili.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na mkimpa, msimcheleweshee.